Hilux ya Zamani Inakwangua Chini: Namna ya Kuinyanyua Inchi Mbili kwa Gharama Ndogo

Swali hili haliishi. Leo anauliza mwenye Hilux ya mwaka 1992, kesho mwenye Land Cruiser 75 aliyoipata mnadani, keshokutwa kijana mwenye Suzuki SJ410. Hadithi ni ileile: njia ya shambani ina mtaro katikati, gari linakwangua, tairi kubwa zinasugua madigadi, na seti kamili ya springi na shokapu kutoka Australia mfuko hauifikii. Afanyeje?

Nalijibu hapa mara moja kwa wote. Nawalenga hasa wenye magari yenye springi za mabapa mbele na nyuma: Hilux LN106 na wenzake, Land Cruiser 75, Suzuki SJ410 na SJ413. Wenye koili na toshen baa wana kipande chao kifupi huko chini.

Jibu langu ni kwamba inchi mbili, yaani sentimita 5, zinatosha. Na sehemu ya hizo ulikuwa nazo tangu gari likiwa jipya, ila zimepotea njiani.

## Pima kabla ya kununua chochote

Springi ya miaka 30 huchoka. Gari linashuka kidogo kidogo, mwenyewe hagundui. Ukiweka vinyanyulio juu ya springi iliyolala, utapata kimo kwa muda na bado gari litakuwa linagonga kwenye kila shimo.

Simamisha gari mahali tambarare, tangi na mizigo vikiwa kama kawaida yako, kisha:

- Chukua futi, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi juu yake. Fanya hivyo magurudumu yote manne na uandike. Usipime kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utakudanganya.
- Linganisha kulia na kushoto. Upande wa dereva mara nyingi uko chini zaidi. Tofauti ya sentimita 2 au zaidi ina maana springi moja imekufa au ina bapa lililokatika.
- Inama uangalie umbo la springi gari likiwa tupu. Nyingi zinapaswa bado kuwa na tao. Iliyonyooka kama rula, au iliyopindia upande wa pili, imekwisha.
- Angalia raba ya kuzuia ekseli isigonge chasisi. Ikiwa imebaki nafasi ya vidole viwili tu, au raba yenyewe imechanika, umepata chanzo cha ule mlio wa "ngo!" kila ukipita tuta.
- Pitisha kidole kwenye kila bapa, hasa karibu na senta bolti. Ufa mdogo wenye mstari wa kutu hujificha hapo.

Vipimo hivyo usivitupe. Bila namba za kabla, ukimaliza kazi hutajua ulichopata, na fundi atakuambia chochote.

## Kitakachopanda na kisichopanda

Hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Kunyanyua springi hakunyanyui difu. Ekseli inakaa kwenye magurudumu. Springi inainua chasisi na bodi tu. Kama kinachogonga jiwe ni lile bakuli la difu, dawa yake ni tairi, na tairi nayo hutoa nusu tu: ukiongeza kipenyo kwa sentimita 5, difu inapanda sentimita 2.5.

"Sasa springi za nini?" Springi zinakupa nafasi chini ya tumbo la gari, zinainua bampa ili lisichimbe unaposhuka korongoni, na zinafungua nafasi ya tairi kubwa kidogo kuzunguka bila kusugua. Kama kinachokwangua ni ngazi ya pembeni, ekzosi au tangi, basi uko kwenye makala sahihi.

## Njia za bei nafuu, kwa mpangilio wa ninavyoziamini

Springi mpya. Ndiyo njia ghali kati ya hizi rahisi, na ndiyo ninayoipendekeza kwanza. Springi mpya za kimo cha kawaida zinakurudishia kile gari lilichopoteza. Zile zilizotengenezwa na tao kubwa zaidi zinaongeza inchi moja au mbili juu yake. Muuzaji atakuuliza unabeba kilo ngapi. Mwambie ukweli. Springi ya kubeba tani ikiwekwa kwenye gari linalobeba watu wawili na ndoo ya maziwa itakuvunja mgongo, na gurudumu litarukaruka kwenye barabara ya changarawe badala ya kushika. Ugumu siyo uimara, hata fundi akisisitiza namna gani.

Kuongeza bapa. Hii ndiyo kazi ya kila siku ya mafundi springi wa Gerezani, Dar es Salaam, na ukipita Kirinyaga Road, Nairobi, hukosi mtu wa kukuuzia bapa moja. Inafaa kama springi zako bado zina tao zuri na zimeshuka kidogo tu. Masharti yake:

- Bapa liwe na upana uleule wa mengine. Jembamba hutembea pembeni na kukata kingo.
- Likae mahali pake kwa urefu: mabapa hupangwa kutoka refu hadi fupi bila kuruka. Bapa fupi na nene likibanwa chini ya yote hufanya lile kubwa lipinde mahali pamoja, na hapo ndipo litakapokatikia.
- Senta bolti iwe mpya na ndefu ya kutosha. Ile ya zamani ikikatika njiani, ekseli inateleza kwenda nyuma upande mmoja.
- Ongeza pande zote mbili, hata kama ni upande mmoja tu unaolala. Kama kulia na kushoto vinatofautiana sana, springi hizo zinahitaji kubadilishwa.

Sheko ndefu. Sheko ni vile vipande viwili vya chuma vinavyoshika ncha moja ya springi na kuiruhusu icheze. Ni rahisi kutengeneza, ndiyo maana kila karakana ya kuchomelea inazo. Kumbuka hesabu yake: sheko inashika ncha moja tu, hivyo ukiongeza sentimita 10 gari linapanda 5. Na sentimita 10 ni nyingi mno. Sheko ndefu hivyo huyumba kushoto na kulia na gari linatembea kama limelewa. Ukomo wangu ni sentimita 4 hadi 5 za urefu wa ziada, yaani kimo cha sentimita 2 hivi, tena ziwe na kipande cha katikati kinachounganisha bati mbili hizo.

Nyuma sheko ndefu hazina neno. Mbele zina neno kubwa, nitalieleza kwenye usukani.

Vitalu vya chuma. Hivi huwekwa kati ya springi na ekseli, pamoja na yubolti ndefu zaidi. Vinafanya kazi nyuma ya Hilux kwa sababu pale springi imekaa juu ya ekseli. Kwenye Suzuki SJ springi imepita chini ya ekseli; ukiweka kitalu hapo utalishusha gari badala ya kulipandisha. Lala chini uangalie kabla ya kulipa.

Kuhusu vitalu nina makatazo matatu yasiyo na mjadala: usiweke mbele kamwe, usipange kimoja juu ya kingine, na usitumie mbao wala alumini laini. Ekseli ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya breki. Ukikanyaga ghafla, kitalu kinageuka wenzo unaoisokota springi, na usukani unakwenda unakotaka wenyewe.

Usikubali haya. Kuna anayechukua springi iliyolala, akaipasha moto wa gesi na kuikunja upya. Itapendeza wiki mbili. Chuma cha springi kina ugumu wake maalumu uliotokana na kupashwa na kupozwa kiwandani kwa kipimo. Moto wa gereji unaufuta, na springi inalala tena au inakatika. Kuchomelea bapa lililokatika ni vibaya zaidi. Kukunja baridi kwa nyundo kuna nafuu kidogo, lakini chuma kilichochoka kimechoka.

## Wenye koili na toshen baa

Kwenye koili (Land Cruiser 80, Patrol, Land Rover Defender, Jimny ya 1998 na kuendelea) njia rahisi ni raba au kipande kigumu cha plastiki juu ya koili. Sentimita 3 zinavumilika. Ukifika 5, ile fimbo ndefu inayozuia ekseli isiende pembeni inaivuta ekseli upande mmoja, na kasta ya mbele (nitaieleza kwenye usukani) inapungua. Hapo utahitaji fimbo inayorekebishika na bushi maalumu za kurudisha kasta, kwa hiyo urahisi umekwisha.

Kwenye toshen baa (Pajero za zamani, Hilux nyingi zenye mkono mmoja mmoja mbele) kila mtu anajua ni suala la kukaza bolti mbili. Ni kweli, bure kabisa, na ndiyo maana linaharibiwa. Kukaza hakuifanyi baa kuwa ngumu zaidi. Kunainua gari kwa kula nafasi ya gurudumu kushuka. Ukizidisha, kila shimo linagonga chuma kwa chuma, boli jointi zinakaa kwenye pembe mbaya na mipira ya ekseli za mbele inachanika. Sentimita 3, kisha alaimenti siku hiyohiyo.

## Breki: pasipotajwa na muuza springi

Sehemu hii ningeomba uisome mara mbili. Gari likipanda, kila kitu kinachounganisha chasisi na ekseli kinavutika.

- Mipira ya breki. Inua chasisi mpaka magurudumu yaning'inie kabisa, halafu ishike kila mpira. Ukiwa umekaza kama uzi wa gitaa, ni mfupi. Mbele geuza usukani hadi mwisho, kulia na kushoto, ukiangalia. Mpira mrefu zaidi unapatikana dukani, au unaweza kushusha kibati kinachoshika bomba la chuma. Usilivute bomba la chuma likanyooka. Litapasuka kwenye nati.
- Vali ya mzigo. Hilux nyingi na baadhi ya Land Cruiser zina fimbo nyembamba kutoka ekseli ya nyuma hadi kwenye vali iliyofungwa chasisi. Kazi yake ni kupunguza breki za nyuma gari likiwa tupu na kuziongeza likiwa limebeba. Ukinyanyua chasisi, vali inadhani gari ni tupu siku zote. Utapakia magunia ya mahindi, ukanyage breki, na za nyuma zitashika nusu nusu. Tiba ni kibati kidogo kinachoinua mguu wa fimbo upande wa ekseli kwa kiasi kilekile ulichonyanyua gari.
- Waya za handibreki, bomba dogo la kupumulia difu, na waya za umeme zinazoshuka kwenye ekseli. Bomba la difu likichomoka hutajua mpaka uvuke mto na mafuta yageuke rangi ya chai ya maziwa.

Mtu ataniambia: "Jirani yangu amenyanyua bila kugusa hayo yote na anatembea." Barabara tambarare huficha mengi. Mpira mfupi wa breki hukatika siku gurudumu moja likining'inia kwenye korongo, na ndiyo siku unayouhitaji.

## Kazi yenyewe

Mtu mwenye spana nzuri na msaidizi mmoja anaweza kuifanya uani. Siku moja kabla, safisha nati zote kwa burashi ya waya, kisha zimwagie mafuta ya kulegeza kutu. Agiza mapema yubolti mpya, senta bolti, bushi zote na pini za springi. Yubolti hazirudiwi: zikishakazwa zinavutika, na nyuzi zake haziaminiki tena.

1. Weka kabari imara kwenye magurudumu ya ekseli usiyoigusa. Anza nyuma, ni rahisi, na utajifunza kabla ya kufika mbele.
2. Inua na uweke stendi za chuma chini ya chasisi. Jeki ibaki chini ya ekseli kwa ajili ya kuipandisha na kuishusha. Tofali hupasuka bila taarifa. Usiliweke chini ya gari unalolala chini yake.
3. Ondoa gurudumu, fungua shokapu upande wa chini, kisha kibati cha mpira wa breki ikiwa mpira unavutika.
4. Fanya upande mmoja hadi uishe ndipo uende wa pili. Springi ya upande ambao hujaugusa inaizuia ekseli isizunguke na kuvuta propela.
5. Fungua yubolti, shusha ekseli taratibu, toa pini ya springi na ya sheko. Pini zilizogandia kwenye bushi hula muda kuliko kazi nyingine zote pamoja. Kama haitoki, kata; una mpya.
6. Ingiza springi mpya, au ile iliyoongezwa bapa. Kichwa cha senta bolti lazima kiingie kwenye tundu lake kwenye kikalio cha ekseli. Kisipoingia, ekseli itakaa mshazari na tairi zitalika upande.
7. Kaza yubolti kidogo kidogo kwa kupishana, kona kwa kona, mpaka nyuzi zinazojitokeza zilingane pande zote. Kipimo cha mwisho ni kile cha kitabu cha gari, kwa spana ya kupimia nguvu.
8. Bolti za bushi na sheko zikaze kwa mkono tu sasa hivi. Mkazo wa mwisho ni baada ya gari kushuka chini na kukalia magurudumu. Bushi za raba zikikazwa gari likiwa hewani, zinasokoteka kila siku na hazifiki mbali.
9. Shokapu mwisho. Ekseli ikiwa imening'inia kwenye springi, shokapu ifike kwenye pini yake bila kuvutwa. Isipofika ni fupi. Ukiilazimisha itang'oa kikalio chake. Na gari likiwa chini, fimbo yake iwe imejitokeza karibu nusu.

## Likianza kuyumba barabarani

Dalili ninayoulizwa zaidi baada ya kazi ni hii: gari linazurura, usukani haurudi wenyewe baada ya kona. Hiyo ni kasta iliyopungua, yaani ule mlalo wa nyuma unaoyafanya magurudumu ya mbele yapende kwenda moja kwa moja.

Mkosaji wa kawaida ni sheko ndefu za mbele. Kwenye Suzuki SJ, sheko ya mbele iko upande wa bampa. Ukiirefusha, ncha ya mbele ya springi inashuka, ekseli inainamia mbele na kasta inaondoka. Ndiyo sababu mbele nashauri springi au bapa, si sheko. Kama umeshafanya, nenda ukapime alaimenti, kisha weka kabari za chuma kati ya springi na kikalio cha ekseli kwa digrii zilizopungua. Ziwe za chuma. Za alumini husagika na kupasuka.

Mengine ya haraka:

- Usukani umekaa upande. Rekebisha urefu wa rodi ndefu inayotoka kwenye boksi la usukani. Usichomoe usukani na kuugeuza. Boksi halitakuwa tena katikati.
- Propela inatetemeka unapoondoka. Kwenye Hilux zenye propela ya vipande viwili, shusha kidogo ile beringi ya katikati kwa washa nene. Pia kagua kros zake. Iliyokuwa karibu kufa hufia hapo.
- Taa zinapofusha wanaokuja. Zishushe usiku uleule.

Tairi mpya zijaribu ukiwa umegeuza usukani hadi mwisho huku gurudumu moja limepanda juu ya jiwe. Pasipogusa hapo, hapatagusa popote.

## Mambo mawili kabla hujaenda safari

Gari lililonyanyuliwa halijaongezewa uzito wa kubeba hata kilo moja, na kwenye kona linalala zaidi. Suzuki SJ ni nyembamba tangu kiwandani; kwa hiyo inchi mbili ndizo mwisho, siyo mwanzo. Itaarifu pia kampuni yako ya bima kabla ya ajali, si baada yake.

Ukitembea kilomita 50 za mwanzo, rudi na spana ukaze yubolti tena. Rudia ukifika 500. Springi mpya na bapa jipya hujikalia, na yubolti uliyoiacha ikiwa imara Jumamosi unaweza kuikuta imelegea Ijumaa. Chukua futi yako, pima tena habu hadi madigadi, uandike karibu na zile namba za kwanza. Na kama hela zako zinatosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua springi mpya za nyuma na mipira ya breki. Tairi kubwa zitasubiri.